Siku saba ndani ya lori la Fuso: Dar es Salaam hadi Mbeya na kurudi

Nimerudi nyumbani Jumapili usiku, na nimechukua wiki nzima kuyapanga haya. Nilikuwa na daftari dogo ambalo kurasa zake za katikati zimelowa mafuta ya kupikia (nitaeleza), picha zaidi ya mia mbili kwenye simu, na risiti zilizojaa mkoba. Saa nilizoandika nimezitoa kwenye picha. Gharama ni zile nilizolipa mwenyewe, mwezi Julai.

Mimi ni meneja wa usambazaji. Kampuni yetu inauza kwa jumla sabuni na mafuta ya kupikia. Kwa miaka 3 nimekaa mbele ya skrini yenye ramani ambamo kila gari letu ni kidoti. Likitembea kidoti ni kijani, likisimama kinakuwa chekundu. Kikiwa chekundu kwa zaidi ya nusu saa, napiga simu. Mwezi Juni nilimwandikia barua ya onyo dereva wetu wa Nyanda za Juu Kusini kwa kuchelewa Mbeya safari 3 mfululizo. Aliisoma akiwa amesimama, akasaini, akairudisha kwa mikono miwili, akasema, "Bosi, siku moja panda twende."

Hilo neno halikuniacha. Nikapanda.

Huyu dereva nitamwita Mzee, maana ofisi nzima inamwita hivyo. Ana miaka 54, na njia hii ameanza kuipita mimi nikiwa shule ya msingi. Tingo wake, yaani msaidizi wake garini, ni kijana wa miaka 22, naye nitamwita Dogo.

Jumatatu: Dar es Salaam hadi Doma

Ratiba yangu inasema gari litoke godauni saa 12 asubuhi. Nilifika saa 11 na nusu, nikamkuta Mzee amekwishapima mafuta ya injini, maji ya rejeta na upepo wa tairi, na sasa anagonga tairi za nyuma moja moja kwa kipande cha bomba huku ameinamisha kichwa akisikiliza.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akajirekebisha, "Marahaba, Bosi."

Tulitoka saa 5 kasorobo. Ankara ya mteja wa Makambako ilikuwa na kosa, na anayeweza kuirekebisha huingia kazini saa 2 na nusu. Ilipotoka, mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, ikasumbua. Siku zote saa hizi kwenye skrini yangu zinahesabiwa kuwa za dereva, kwa sababu saa yake inaanza kukimbia saa 12 kamili hata kama gari bado liko ndani ya geti letu wenyewe.

Tulikuwa na tani 9 kasoro kidogo: katoni za sabuni za miche, katoni za sabuni ya unga, na madumu 220 ya mafuta ya lita 20. Kabla ya kufunga milango ya bodi, Mzee alichungulia ndani akaniambia kwa sauti ya chini, "Bosi, mzigo wa Iringa uko ndani kabisa." Nikamwambia tumeshachelewa, tuondoke. Hakuongeza neno. Alifunga, akatia kufuli, akapanda. Naomba msomaji alikumbuke hili tutakapofika Iringa.

Kutoka Kimara mpaka Kibaha ni foleni, sina zaidi la kuandika. Pale Vigwaza tukaingia mizani. Kwa Fuso la ekseli mbili sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 ekseli ya mbele na tani 10 ya nyuma yenye tairi nne, na ekseli moja ikizidi huwezi kujitetea kwamba jumla iko sawa. Tulipita salama, lakini foleni ya malori ilitula saa 1 na dakika 20. Mzee aliutumia muda huo kula: chapati mbili na chai ya rangi, shilingi 1,500. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Morogoro tulipita saa 11 jioni, milima ya Uluguru imevaa wingu. Mimi nilidhani tunakwenda kulala Mikumi mjini, kama ratiba inavyosema. Mzee akakataa kabisa. Barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na tembo usiku hana taa ya nyuma. "Ukimwona, umeshamfikia," alisema. Tukalala Doma. Mimi nilichukua chumba cha shilingi 15,000, safi, maji ya ndoo. Mzee alijikunja kwenye viti vya kabini, na Dogo akalala juu ya mzigo, ndani ya bodi, mlango umefungwa kwa nje na kuachwa nafasi ya hewa. Nilimuuliza Mzee kwa nini na yeye asichukue chumba. Alisema posho ya kulala ni shilingi 10,000, mlinzi wa maegesho anachukua 2,000, na mafuta ya kwenye tenki hayajilindi.

Posho hiyo niliipitisha mimi, miaka 3 iliyopita, na sijaigusa tangu hapo.

*Kwa wanawake watakaopita njia hii kwa lori:* vyoo vizuri viko kwenye vituo vikubwa vya mafuta na kwenye hoteli wanazosimama mabasi ya mikoani. Lipa 300 hadi 500 bila kinyongo. Kati ya vituo hivyo hakuna kitu, kwa hiyo kunywa maji kwa hesabu, na beba kanga mbili. Moja itakufaa zaidi ya unavyodhani.

Jumanne: Doma hadi Iringa

Tuliondoka saa 12 na robo, mara tu macho yalipoweza kuona pembeni mwa barabara. Langoni mwa hifadhi pana bango lenye orodha ya wanyama, na mbele ya kila mmoja faini utakayolipa ukimgonga. Mzee akapunguza mwendo. Ukungu ulikuwa umelala kwenye majani, na ndani yake swala wengi, kisha twiga watatu wakavuka mbele yetu kwa taratibu zao hadi nikasahau kupiga picha. Nyani walikaa kwenye kingo wakisubiri abiria wa mabasi watupe maganda ya ndizi. Msitupe. Ndicho kinachowaleta barabarani wagongwe.

Mikumi mjini tulikunywa supu, tukaendelea. Baada ya hapo barabara inashuka taratibu, joto linapanda, na unaingia kwenye bonde la mibuyu. Mibuyu ni mingi kiasi kwamba vilima vinaonekana kama vimepandwa kwa mkono, mikubwa, ya kijivu, isiyo na jani hata moja mwezi huu, na Mto Ruaha Mkuu uko pembeni unang'aa. Ruaha Mbuyuni nilinunua ndoo ndogo ya vitunguu kwa shilingi 8,000. Dogo aliitazama akasema kwa upole, "Dada, tungenunua wakati wa kurudi." Alikuwa sahihi. Vitunguu hivyo vimekwenda Mbeya na kurudi vikiwa miguuni mwangu.

Kisha tukafika Kitonga.

Kwa asiyeujua: mlima wenyewe hauzidi kilomita 10, lakini unakupandisha kutoka bondeni hadi nyanda za juu kwa kona kali, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine. Magari mengi yaendayo Mbeya, Zambia na Kongo yanapanda hapo, na mengi yatokayo huko yanashuka hapo. Tulipofika chini ya mlima saa 5 asubuhi, semi trela ilikuwa imekata shafti kwenye kona ya katikati. Magari yalipishanishwa upande mmoja tu.

Tulisogea hatua kwa hatua. Kupanda kwa gia ya kwanza, kusimama, kupanda tena. Baada ya saa nzima ya hivyo nikaona Mzee anaangalia mshale wa joto mara kwa mara. Hakusema kitu. Alipoona sehemu iliyopanuka kidogo akachomoa gari kwenye foleni, akazima, akamwambia Dogo, "Mawe." Dogo alikuwa chini kabla gari halijatulia, akaweka mawe mawili nyuma ya tairi.

Paipu ya juu ya rejeta ilikuwa imepasuka karibu na klipu. Maji yalikuwa yanatoka kwa mvuke na harufu tamu ya kulanti, dawa ya kupooza injini. Mimi niliinua mkono kuelekea kwenye mfuniko wa rejeta, na Mzee akaushika mkono wangu hewani. Ni mara pekee alinigusa safari nzima. "Ukifungua sasa, uso wako unaondoka," alisema.

Tukangoja ipoe. Dakika 40.

Nataka niseme vizuri alichofanya, kwa sababu nilikitazama nikiwa hatua mbili kutoka kwake. Alilegeza klipu, akachomoa paipu, akaipangusa kwa kitambaa na kuipeleka juani kuangalia ufa unaishia wapi. Ufa ulikuwa wa urefu wa kucha ya kidole gumba. Akachukua wembe, akakata paipu kwa mzunguko, taratibu, sehemu ile mbovu yote. Akairudisha kwenye mdomo wake, ikafika kwa kubanwa. Lakini ile klipu ya zamani ilipokazwa ikakatika.

Nyuma yetu alikuwa amesimama dereva mwenye kontena anarudi Lubumbashi. Alishuka bila kuitwa. Akaangalia, akarudi kwenye gari lake, akaja na klipu mpya mkononi na dumu la maji. "Mayi iko, papa. Kamata," alimwambia Mzee. Mzee alitaka kulipa. Yule bwana akakataa hata kuitazama noti. Waliongea kidogo, kila mmoja kwa Kiswahili chake, juu ya foleni ya Tunduma. Ilionekana wanajuana kwa sura tu, kwa miaka mingi ya kupishana. Mzee akawasha injini, akaiacha ikinguruma polepole huku akimimina maji kidogo kidogo, akasubiri yashuke, akamimina tena.

Hapo simu yake ikaita. Mikono yake ilikuwa imejaa maji na grisi, akaniomba nimshikie sikioni. Sauti ilikuwa ya msaidizi wangu ofisini:

"Dereva, gari limesimama dakika 55. Kwa nini? Usipoteze muda njiani."

Sentensi hiyo, neno kwa neno, ni yangu. Ndiyo niliyomfundisha. Mzee akajibu, "Samahani, tunaondoka sasa hivi," kwa sauti ya mtu aliyewahi kuijibu hivyo mara mia. Mimi nilishikilia simu na sikuweza kusema lolote.

Tulifika juu saa 10 alasiri. Baridi inakupokea hapohapo, kama umefunguliwa mlango. Ilula wanawake walikimbilia dirishani na matenga ya nyanya, na mama mmoja aliyemwona Mzee alivyochafuka alileta maji ya moto kwenye jagi na sabuni anawe, hakuuza kitu wala hakuomba. "Kamwene," alisema, na Mzee akamjibu vilevile, "Kamwene." Iringa tuliingia saa 1 na nusu usiku. Ratiba yangu inaandika saa 9 alasiri.

*Kwa atakayepita Kitonga kwa gari lolote:* beba maji lita 20 yasiyo ya kunywa, klipu mbili za akiba na mawe au vigingi vya tairi. Usipite gari kwenye kona hata kama foleni imekuchosha. Wanaoshuka hawawezi kusimama kukupisha.

Jumatano: Iringa hadi Mafinga

Mteja wa Iringa alikuwa msibani Kilolo na ufunguo wa stoo alikuwa nao. Tulimngoja kutoka saa 2 hadi saa 4 na nusu. Mama yake mzazi, anayekaa nyuma ya duka, hakukubali tungojee kwenye gari. Alitukaribisha jikoni kwenye moto, akatupa kande na chai ya maziwa, akamwambia Dogo avue soksi zilizolowa akaziweka juu ya mafiga. Mimi na yeye tulichambua maharage mpaka mwanawe alipotokea.

Ndipo milango ikafunguliwa, na nikaona nilichokifanya.

Miezi kadhaa iliyopita niliandika utaratibu kwamba mzigo upakiwe kwa mfuatano wa namba za ankara, ili mhakiki wa godauni ahesabu kwa urahisi. Ankara ya Iringa ilitoka kwanza. Kwa hiyo mzigo wa Iringa uliingia kwanza, ukakaa mbele kabisa nyuma ya kabini, ukafuatiwa na Mafinga, Makambako, na mlangoni kabisa Mbeya. Yaani mteja wa kwanza yuko ndani, wa mwisho yuko mlangoni. Kuufikia mzigo wa Iringa ilibidi tushushe Mbeya yote, Makambako yote na Mafinga yote, tuupange barabarani, tutoe wa Iringa, tupakie tena uliobaki.

Makuli walikuwa wanne. Kushusha mzigo wa Iringa peke yake walitaka 30,000, ambazo ofisi inazilipa. Kushusha na kupakia upya huo mwingine wakataka 40,000, Mzee akawabembeleza hadi 26,000. Akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa.

"Hizi unarudishiwa?" nikamuuliza.

"Hazina risiti, Bosi."

Kwenye fomu yetu pameandikwa: *matumizi yasiyo na risiti hayatalipwa.* Kuli wa Iringa atatoa wapi risiti?

Kati ya madumu ya chini kabisa, moja lilikuwa limepasuka pembeni mwa kitako. Mafuta yalikuwa yamelowesha katoni 4 za sabuni ya unga na baadaye daftari langu, nililokuwa nimeliweka juu yake bila kuangalia. Mteja alikataa dumu na katoni hizo, na ana haki. Nilipiga magoti nikaangalia. Godauni walikuwa wamepanga madumu 5 kwenda juu, na la chini lilikuwa limebonyea kabla hata ya kutoka Dar, alama ya kubonyea ilikuwa na vumbi la godauni ndani yake. Kwa utaratibu wetu hasara ya njiani anakatwa dereva. Safari hii nilisaini mimi.

Kabla ya kufunga, Mzee aliwataka makuli wasogeze mzigo wote mbele hadi ukuta wa kabini. Mmoja akalalamika kwamba nafasi ipo, kwa nini kujisumbua. Mzee akamweleza kwamba mzigo ukiachwa unaning'inia nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi na usukani hauitikii, na tunakokwenda barabara inalowa umande usiku. Aliwalipa 3,000 zaidi kwa hilo. Mizani ya Wenda ilitupitisha bila neno.

Mafinga tulifika magharibi. Harufu ya mbao za misonobari kila mahali, maana msitu wa Sao Hill uko hapo, na baridi ya kuingia mifupani. Tulikula ugali na nyama ya mbuzi, 5,000 kwa sahani, tumekaa karibu na jiko. Nilimwomba Mzee anieleze hesabu za safari zake. Akatoa kwenye mfuko wa mlango daftari la shule la kurasa 48, jalada limefungwa kwa mkanda wa plastiki. Kila safari ina ukurasa. *Iringa, makuli, 26. Makambako, mlinzi, 2. Mbeya, kusubiri siku 1, chakula, 6. Kitonga, maji, 1.* Yote kwa maelfu, yote kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama majani ya mpunga. Safari 3 nilizomwandikia onyo zilikuwamo, tarehe na saa ya kufika kila mizani, kila mteja na kila geti lililokuwa limefungwa.

"Kwa nini hukuwahi kunionyesha?"

"Hukuwahi kuuliza kilichotokea. Uliuliza kwa nini nimechelewa."

Chumba Mafinga kilikuwa 20,000, na nililipia vitatu.

Alhamisi: Mafinga, Makambako, Mbeya

Mteja wa Mafinga tulimmaliza kwa dakika 50. Dumu lilitoka mlangoni kwa sababu jana Mzee aliupanga mzigo upya kwa mfuatano wa barabara, na nikaona tofauti kwa macho yangu.

Makambako ni upepo. Ni njia panda ya kwenda Njombe na Songea, na upepo wake unapita ndani ya nguo. Mpokeaji wa mzigo alitaka kuhesabu kila katoni mara mbili, tukakaa saa 2. Sikumlaumu, alisema mwaka jana alipokea pungufu na hakuna aliyemsikiliza. Niliandika jina la duka lake kwenye daftari langu lenye mafuta.

Baada ya hapo ni kilomita nyingi za kusinzia, Igawa, Chimala, mashamba ya mpunga yaliyovunwa, milima upande wa kushoto. Mzee hakusinzia. Alitafuna karanga na kumsimulia Dogo jinsi ya kusikiliza gia.

Kuingia Mbeya barabara ilikuwa inajengwa njia nne, na kwa Fuso vumbi na michepuko vilikuwa mtihani. Kutoka Uyole hadi Mwanjelwa tulitumia saa 1 na nusu. Ukikuta ujenzi bado unaendelea na una miadi mjini, ongeza saa 2 juu ya chochote ramani ya simu inachokuambia.

*Juu ya mafuta:* Fuso letu likiwa na mzigo linakula lita moja kwa karibu kilomita 4, na Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo ukipanga safari ya mwanzo wa mwezi usifanye bajeti kwa bei ya mwezi uliopita. Sisi tulifanya kosa hilo, na pesa ya mafuta ikatuishia Makambako. Nikaongeza kwa simu yangu.

Ijumaa: Mbeya

Mteja wa Mbeya ndiye aliyekuwa akilalamika kwamba mzigo unachelewa. Alituona saa 2 asubuhi, akanitazama nikishuka kabini nikiwa na kanga kichwani na vumbi usoni, hakuamini kwamba mimi ndiye anayeongea naye kwenye simu. "Ugonile," nilimsalimia, Dogo alinifundisha njiani. Akacheka, akaagiza viti.

Kumbe stoo yake inapokea mzigo mpaka saa 9 alasiri tu. Gari likifika saa 10, linalala. Kwa hiyo kuchelewa kwa saa 1 kunageuka kuwa siku 1, na Mzee analala nje ya geti lake akingoja asubuhi. Nilimuuliza kama aliwahi kutueleza. Alisema alimweleza mtu wa mauzo tangu mwaka wa kwanza. Mtu huyo alikwishaacha kazi, na taarifa aliondoka nayo.

Tulishusha kwa saa 2. Alipokea kila kitu kamili. Kisha akamwambia Mzee akae, akamwagizia ndizi na nyama na parachichi kubwa lililokatwa katikati, akamwambia mbele yangu, "Wewe ndiye unanifanya niendelee kununua kwenu. Mzigo wangu hujawahi kuupunguza hata mche mmoja."

Jioni nilimpigia msaidizi wangu. Nilimwomba gari lolote likisimama asipige simu kwa dereva hadi lisimame kwa muda wa saa 2, na akipiga aanze kwa kuuliza kama wako salama.

Jumamosi na Jumapili: kurudi

Tulipakia mchele Ubaruku, mzigo ambao ofisi iliutafuta mapema, na hii ndiyo sehemu ya safari iliyokwenda kama ilivyopangwa. Tulilala Iringa.

Kitonga kwa kushuka ni jambo jingine. Mzee alisimama juu ya mlima, akashuka, akagusa kila ringi kwa kiganja kuona kama kuna iliyopata moto, akajaribu breki za upepo mara tatu, akaingiza gia ya kwanza. "Gia uliyopandia mlima, hiyohiyo ndiyo ya kushukia," alimwambia Dogo. Tulishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, breki ya injini ikinguruma, mguu wake ukigusa breki kwa nadra tu. Nyuma yetu basi dogo lilipiga honi mpaka chini. Mzee hakugeuka. Mikono yangu ilikuwa imeshika ubao wa mbele hadi vidole vikauma, na sikujua hadi tulipofika mibuyuni.

Dar tuliingia saa 3 usiku.

Baadaye

Jumatatu mzigo ulianza kupakiwa kwa mfuatano wa barabara, wa mwisho ndani, wa kwanza mlangoni. Madumu hayapandi zaidi ya 3. Saa ya dereva inaanza kuhesabiwa anapotoka getini. Posho ya kulala imepanda, ingawa si kwa kiasi nilichoomba, na bado nakipigania. Barua ya onyo nimeiandikia barua ya kuifuta, ipo kwenye faili lake.

Ijumaa nilimwita Mzee ofisini kumrudishia fedha alizotoa mfukoni kwa safari ile na zile 3 za nyuma. Kwa hesabu yangu zilikuwa shilingi 118,000. Alizihesabu juu ya meza yangu, polepole. Akafungua daftari lake la kurasa 48, akapitisha kidole kwenye mistari, akanirudishia noti mbili za 2,000.

"Safari ya Mei, makuli walichukua 22," alisema. "Umeniandikia 26."

Akakunja zilizobaki, akazitia mfuko wa shati, akaomba funguo za gari.